Mbegu za Mwerezi wa Baba

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini bandarini, Mercy alimkuta mamake kwenye roshani ya nyumba yao ya Tononoka. Mama aliinamia beseni la udongo kama mtu anayengoja mgeni.

"Bado, mama?"

"Bado."

Ndani ya udongo ule mlikuwa na mbegu za mwerezi. Mti wenyewe ulisimama nyuma ya nyumba yao ya zamani, kule Nyandarua kwenye baridi. Babake Mercy aliupanda mwaka aliooa. Mercy alijifunzia kusoma pale, mgongo ameegemeza kwenye shina, miguu ameifunika shuka. Baba alipofariki, na baridi ikaanza kumsumbua mama miguu, Mercy alimleta Mombasa. Mwaka uliofuata, upepo ukauangusha mwerezi. Mama alikuwa amekuja na mfuko mmoja wa matunda yake, madogo, ya buluu iliyofifia. Mengine hayangepatikana tena.

Mara ya kwanza mama alipanda matunda mazima. Hayakuota. Mara ya pili Bonface, mumewe Mercy, akataka kusaidia.

"Ganda ni gumu, hiyo ndiyo shida," alisema, akayatwanga kwenye kinu. Mchi ukamnata mikononi. Wakapanda, wakamwagilia. Hakikuchipuka kitu. Mfukoni zikabaki konzi chache tu.

Siku hiyo mama hakugusa chakula. "Basi," alisema. "Mti wa baba yako umekwisha."

Mercy hakuweza kukaa. Alishuka ngazi kwa jirani yao Mbeyu, aliyefanya kazi kwenye kitalu cha miche pale Kibarani. Jioni Mbeyu akapanda juu.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Mbeyu alichukua tunda moja, akaliminya. Vidole vyake vikashikana.

"Mwaona? Huu ni utomvu. Wanata kama gundi."

"Una ubaya gani?" Bonface aliuliza.

"Utomvu wa nyama ya tunda huizuia mbegu kunywa maji. Mbegu isipokunywa maji haiamki."

"Ndiyo maana nikatwanga."

"Hapo, shemeji, ndipo palipoharibika zaidi. Ndani ya ganda la mbegu mna vifuko vidogo vilivyojaa utomvu. Ni kinga yake, isiliwe na wadudu. Ukitwanga, vifuko vyapasuka. Utomvu wafika kwenye kiini, kile kimche kilicholala ndani, na kukiumiza."

Bonface alikitazama kinu. "Kumbe mimi ndiye niliyeziua."

"Ulitaka kunisaidia," mama alimwambia. Akamgeukia Mbeyu. "Hizi zilizobaki, tuzifanyeje?"

Wakaloweka matunda usiku kucha mpaka yakalainika. Kesho yake mama aliyasugua taratibu kwa viganja, pamoja na mchanga, juu ya chekeche. Nyama ikatoka, mbegu zikabaki nzima. Wakazitia majini. Zilizoelea zilikuwa tupu, wakazitupa. Zilizozama wakaziosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, wakabadilisha maji tena na tena, mpaka vidole havikunata. Mwisho wakazisuuza kwa maji safi.

"Sasa zipande kwenye mchanga uliochanganywa na udongo mwepesi," Mbeyu alisema. "Ziweke kivulini. Udongo uwe na unyevu, usitote. Na msikate tamaa mapema. Mwerezi hauna haraka. Miche ikipata nguvu, ipelekeni kwenye baridi. Joto letu hili haitaliweza."

Majuma yakapita. Mercy aliacha kuuliza, maana aliogopa jibu. Asubuhi moja mama mwenyewe akamwita, kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtoto amelala. Uzi mwembamba wa kijani ulikuwa umetokeza, umebeba ganda lake kichwani. Ukafuata mwingine, na mwingine. Si mbegu zote zilizoota, lakini beseni lilianza kujaa. Tangu siku hiyo mama akaanza kumsimulia Mercy habari za baba ambazo hakuwahi kuzisikia: jinsi alivyochimba shimo la mwerezi akiwa amevaa suti ya harusi, na watu wakamcheka.

Mvua zilipoanza walisafiri na miche hadi Nyandarua. Waliipanda nyuma ya nyumba. Majirani wa zamani wakaja kutazama. Mmoja alikuwa na mwerezi uliozaa, na kila mwaka mbegu zake zilimshinda. Mercy alitaka kumweleza, lakini mama alikuwa ameshaomba beseni na maji, ameshakunja mikono ya sweta.

"Usizitwange," alikuwa akisema. "Zisugue hivi. Polepole."

Siku ya kurudi, mama hakufunga mzigo. Alitaka kuingoja miche ishike. Mercy alirejea Mombasa akamkuta Bonface peke yake, na roshani imekuwa wazi. Asubuhi akampigia mama simu.

"Miguu yaendeleaje?"

"Salama. Nimevaa soksi jozi mbili. Niko kwenye miche, mwanangu, nitakupigia baadaye," mama alisema, akakata simu.