Skrini Aliyoisifu Nshobole

Jumanne hiyo gishe, dirisha la kutolea dawa la bohari ya Goma, ilikuwa imefurika. Wauguzi wa Rutshuru na Vitshumbi walisukumana, makaratasi mkononi. Karani Nshobole, amevaa kitenge cha zambarau, alipiga kibodi bila kuitazama. Mbele yake skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani. Kijana mwenye shati jeupe akajipenyeza hadi kwake.

"Papa, mustari unaanzia kule nyuma."

"Sikuje kutafuta dawa. Nimekuja kukuangalia."

"Basi hata kwa kuniangalia kuna mustari."

Wauguzi wakacheka. Kijana huyo alikuwa Fortunat, fundi kutoka Bukavu. Mkurugenzi wa bohari, papa Bagalwa, alikuwa amemwita achague sura mpya ya mashine ya kati, kompyuta kuu iliyotunza hesabu ya dawa kwa miaka ishirini bila kuzimika. Mashine ingebaki. Kile ambacho makarani wanakiona ndicho kingebadilika: picha na vitufe vya kubonyeza kwa kipanya.

Wiki tatu Fortunat aliketi ubavuni mwa Nshobole na daftari. Saa sita walikula bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, pamoja.

"Vidole vyako vinaenda mbio, bebe. Vilijifunza wapi?"

"Vinasali. Wewe andika tu."

Kisha akamletea skrini aliyoichagua, ya buluu, inayong'aa. "Sema kweli, Nsho. Iko muzuri?"

Nshobole alikwisha kuona kasoro yake. Kila mara mkono ulipaswa kuacha kibodi na kukimbilia kipanya. Fomu ya nusu dakika ingechukua dakika mbili. Lakini macho ya Fortunat yalimngojea.

"Iko muzuri sana," alisema.

Makarani wenzake wakasema vilevile, maana yeye ndiye aliyejua kazi kuwapita wote.

Haikupita wiki mbili tangu skrini hiyo iwekwe, mstari ukafika barabarani. Muuguzi wa Vitshumbi akakosa gari, akalala Goma huku wagonjwa wakimngojea. Papa Bagalwa akamkaripia Fortunat mbele ya watu. Fortunat akamtazama Nshobole mara moja. Nshobole akatazama sakafu. Skrini ya kijani ikarudishwa, na Fortunat akapanda boti ya Bukavu bila kuaga.

Miezi minne ikapita. Nyumbani kwake, mtaa wa Mabanga, Nshobole alikuwa akiandika namba ya Fortunat na kuikata kabla haijalia. Katika misa ya asubuhi alimwomba Mungu amrudishe, hadi siku moja alipotambua kwamba anaomba mume na hajaungama uongo. Siku hiyohiyo akaenda kwanza kwa papa Bagalwa. Kisha akapiga simu, akaiacha ilie.

"Nshobole?"

"Usikate. Nimeambia papa Bagalwa kosa haikukuwa yako. Nilisifu kitu nilijua kitatulemea."

"Juu ya nini?"

"Juu nilifikiri nikisema ni kibaya, utarudi Bukavu."

"Na nilirudi."

"Ulirudi. Mungu ananifundisha polepole."

"Nilizani mulikuwa munanicheka, wewe na wale wamama wa gishe. Sasa niambie yote. Usinihurumie."

Nshobole akamwambia yote. Karani wa gishe aachiwe kibodi na vidole vyake. Picha wapewe wale wa stoo na wageni wa kazi, wasiojua alama za kuandika za skrini ya kijani. Vocha ikaisha, Fortunat akapiga yeye. Hawakujua saa imekwendaje.

Ijumaa iliyofuata Fortunat alishuka bandarini Goma akiwa amekonda, kompyuta kwapani. Wakaketi kwenye benchi la kungojea boti, naye Nshobole akaijaribu skrini mpya kwa vidole vitupu, bila kipanya.

"Inachelewa hapa kwa tarehe," alisema. "Kwingine kote iko sawa."

"Nitatengeneza." Fortunat alifunga kompyuta. "Kuna jambo lingine. Nataka kutuma wazee wangu kwa baba yako. Nijibu vile unaona ndani ya roho."

Nshobole alimtazama shingo iliyopwaya ndani ya kola. "Unakasirika na kukimbia. Ile itanisumbua."

"Ni kweli."

"Unasali?"

"Najaribu."

"Watume," alisema Nshobole. "Lakini mbele Kwaresima ianze. Kungoja kumenichosha."