Ombi Kutoka Chumba cha Seva

Ofisini walimwita Bi Nywila, maana alizilinda nywila za kampuni kuliko watu wanavyolinda dhahabu ya harusi. Kazi yake ilikuwa kuamua nani aingie na nani asiingie kwenye seva zilizowekwa mlimani, mwendo wa saa tatu kwa gari, ndani ya jengo lisilo na dirisha hata moja. Huko hakukaa mtu ila mlinzi wa getini. Aliyetaka kuzigusa seva akiwa mle ndani alipaswa kuomba kwa kibodi ya humo humo chumbani, na mtu wa mjini akubali. Bila hao wawili, hakuna kilichofunguka.

Mjini alisaidiana na wifi yake, dada wa mumewe, meza moja. Utani haukuwaishia wenzao: mtandao ukisumbua tu, utasikia, "Bi Nywila, wifi yako leo kanuna?"

Jumatatu moja, saa mbili asubuhi, wifi aligeuza skrini yake.

"Umemtuma nani mlimani?"

"Sijamtuma mtu."

"Mbona kuna anayeomba kuingia? Kwa kibodi ya ndani."

Mahali pa jina paliandikwa neno moja: NIFUNGULIENI. Bi Nywila akalikataa ombi. Likarudi. Akalikataa tena, likarudi kabla hajainua kidole.

Akampigia mlinzi. "Mzee wangu, nani kaingia chumbani?"

"Hakuna, mwanangu. Ufunguo ninao mimi." Mzee akashusha sauti. "Ila toka alfajiri kuna kitu kinakwaruza mlango. Kwa ndani."

"Panya hao," bosi akasema alipoelezwa. "Nenda kaangalie."

"Panya wanaojua kusoma na kuandika," wifi akanong'ona, lakini hakucheka.

Dereva wa kampuni alimshusha Bi Nywila getini saa sita, akashuka bondeni kuziba pancha. Mlinzi alimkabidhi ufunguo kwa mikono miwili, asisogee hatua hata moja kutoka kwenye kiti chake.

"Walipochimba msingi hapa walikuta shimo limezibwa kwa jiwe," akasema. "Mafundi wa kwanza waligoma kuligusa. Bosi wenu akaleta wengine, wakalivunja, wakamwaga zege juu. Lililokuwa mle sasa limo ndani ya nyumba ya watu, na halitoki mpaka mtu alipe ruhusa. Usiliruhusu, mwanangu. Hata likikulilia."

"Nimekusikia, baba," alijibu, kama mtu anavyomjibu mzee asimvunjie heshima, akaenda.

Chumba kilikuwa vile vile alivyokijua: makabati marefu ya seva, taa ndogo za kijani, ngurumo ya feni. Lakini kulinuka udongo mbichi, udongo wa kaburi lililochimbwa sasa hivi. Akakanyaga sakafu, ikawa na joto. Alipogeuka, mlango ulikuwa umejifunga. Akabonyeza kitufe cha kutokea. Kimya. Akatoa simu, ila kuta zile nene hazikuwahi kupitisha simu.

Kwenye meza ya pembeni skrini iliwaka. Herufi zilijitokeza moja moja, na vibonye vya kibodi vikazama vyenyewe, taratibu, kama vinavyobonyezwa na mtu anayejifunza.

NIOMBEE RUHUSA.

"Sikuombei," Bi Nywila akasema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Feni zikazimika zote kwa pamoja. Katika ukimya ule akasikia pumzi nyuma ya makabati, nzito, ndefu, pumzi ya kitu kilichokaa muda mrefu bila hewa, na joto likaanza kupanda kutoka sakafuni mpaka magotini, mpaka kifuani, jasho likamwingia machoni, akapiga mlango kwa viganja, akaita mlinzi, akaita mumewe, akaita mama yake aliyekwisha kufa, na kila alipoita, kitu kile nyuma ya makabati kiliita pia, mwanzo kwa sauti ya mkwaruzo, kisha kwa sauti nyembamba, kisha kwa sauti iliyokaribia yake, mpaka hakuweza tena kujua ni yeye anayelia au ni nani. Akaikimbilia kibodi amwandikie wifi asikubali lolote. Vibonye vilikuwa vigumu kama mawe. Kwenye skrini maneno yaliendelea kupita, mengi, ya haraka sasa, lakini jasho na machozi vilimzuia kuyasoma.

Kisha mlango ukafunguka wenyewe.

Akatoka mbio mpaka kwenye jua, akaanguka kwenye kokoto. Mlinzi akamsaidia kuinuka. Nyuma yao feni zikaanza kunguruma upya, na chumba kikawa chumba tu.

"Umeliruhusu?" mzee akauliza.

"Hapana! Wallahi sijaliruhusu!"

Simu ilikuwa imeshika mtandao. Akampigia wifi.

"Wifi, ukiona ombi kutoka huku, likatae!"

"Ombi gani tena? Si nimeshakubali." Wifi alinong'ona, kama asiyetaka mtu wa karibu amsikie. "Uliandika umekwama, joto linakuua, nikupe ruhusa utoke. Nikuache ufe?"

"Sikuandika mimi."

"Wewe ni nani?" wifi akauliza. "Unanipigia vipi kwa namba yake, na mwenyewe kaingia sasa hivi, sijui karudi vipi, amekaa hapa mbele yangu?"

"Toka! Toka nje, wifi, kimbia!"

Alisikia kiti kikianguka. Alisikia kitasa kikitikiswa, tena na tena. "Haufunguki," wifi akalia. "Mlango haufunguki!"

Simu ikakatika. Bi Nywila akapiga tena. Ikapokelewa mara moja, na sauti yake mwenyewe, tulivu, yenye adabu, ikamwuliza:

"Haloo, nani mwenzangu?"