Watu wa Mto na Samaki wa Mama Mkwe

Mwezi wa saba kahawa huiva milimani Mbinga. Mwezi huo hakuna anayekaa. Asubuhi Kilian Kapinga na mkewe Luisa walichuma. Mchana walibeba magunia ya matunda mekundu mpaka mtoni. Huko mtoni ndiko ilikokuwa mashine yao ya kumenya kahawa.

Kilian aliiweka mashine pale kwa sababu moja. Kumenya kahawa kunataka maji, na maji yako mtoni. Luisa alimimina matunda juu ya mashine. Kilian alizungusha mpini. Mbegu zilitoka upande huu, maganda yalitoka upande ule. Maganda yaliteleza mpaka ndani ya mto. Maji ya kuoshea mbegu nayo yaliingia mtoni. Mto Lungoli uliyapokea, ukaondoka nayo.

"Huu mto ni kibarua mzuri," Kilian alipenda kusema. "Unazoa taka wala hauombi chakula."

Mama yake Luisa, Bibi Tadea, aliishi chini zaidi kando ya mto huohuo. Alikuwa mjane. Alikuwa na bwawa la perege, na maji ya bwawa yaliingia kwa mfereji kutoka Lungoli. Bwawa hilo ndilo lililompa riziki. Alipotaka sabuni, alivua samaki. Alipotaka dawa, alivua samaki. Akiwalisha pumba alizungumza nao kama wajukuu, na wale waliosukumana aliwagombeza.

Kilian alimheshimu sana mama mkwe wake. Hakutania mbele yake. Hakukaa naye meza moja. Bibi Tadea naye hakumwambia Kilian neno kali hata siku moja. Kama alikuwa na jambo, alimtuma mtu. Ndivyo walivyolelewa wote wawili.

Siku moja Luisa alirudi kutoka kwa mama yake. Uso wake ulikuwa mzito.

"Samaki wa mama wanakufa," alisema. "Asubuhi amekuta wengi wanaelea. Waliobaki wamepanda juu ya maji, wanafungua midomo."

Kilian aliweka gunia chini. "Kuna mtu anaweka sumu."

"Mtu gani?"

"Raimundi, jirani yetu. Yule simwamini."

"Raimundi amekukosea nini?"

"Ana macho ya sumu."

"Baba Florian, macho hayaui samaki."

"Mimi nikimkamata mtu anayeua samaki wa mama mkwe wangu, atanijua!"

Luisa aliogopa jambo moja tu. Kama samaki waliobaki watakufa, mama yake ataishi kwa nini?

Kesho yake wageni wawili walionekana mtoni. Mmoja alikuwa dada mwenye viatu vya mpira mpaka magotini. Mwingine alikuwa kijana mrefu mwenye wavu mdogo na beseni jeupe. Walipanda mto polepole. Waliinua jiwe, wakaliangalia chini, wakalirudisha. Wakainua lingine.

Kilian aliwaona akiwa shambani. Watu wanaogeuza mawe mtoni anawajua. Wanatafuta madini. Leo wanageuza mawe, kesho wanakuja na majembe, keshokutwa ukingo wa mto umekuwa mashimo. Alishuka kwa hasira, panga la kufyekea mkononi.

"Ninyi! Nani amewaruhusu kuchimba hapa?"

"Shikamoo mzee," alisema yule dada.

"Marahaba. Nimeuliza, nani amewaruhusu?"

"Mzee, hatuchimbi. Mimi naitwa Edina. Huyu ni mwenzangu Sadiki. Tunafanya kazi katika shirika la kutunza mito. Serikali ya kijiji inatujua. Wengine wanatuita watu wa mto."

"Watu wa mto mnatafuta nini chini ya mawe?"

"Wadudu," Sadiki alijibu.

Kilian alicheka bila furaha. "Mtu mzima na ndevu zake anatafuta wadudu! Wewe ni wa wapi?"

"Wa Lituhi, mzee. Kule ziwani."

"Nilijua! Watu wa ziwani mmeshiba samaki, sasa mnahamia kwenye wadudu."

"Ni kweli, mzee," Sadiki alisema. "Na ninyi watu wa milimani mnatuteremshia maji mkiwa mmeshayanawia miguu. Sisi tunayanywa. Ngoja basi nije nione mnanawaje."

Luisa, aliyekuwa amefika na gunia lake, alishindwa kujizuia. Alicheka. Kilian alimtazama kwa jicho kali, lakini panga likashuka.

"Basi nionyesheni hao wadudu," alisema. "Nikiona mnatia jiwe mfukoni, tunakwenda kwa mwenyekiti."

Edina alikubali. Walipanda kwanza juu ya mashine ya kahawa, hatua chache tu. Sadiki aliweka wavu ndani ya maji. Edina alisugua mawe kwa mguu. Kisha walimimina kilichonaswa ndani ya beseni jeupe.

Beseni lilikuwa hai. Kulikuwa na kaa mdogo. Kulikuwa na watoto wa kereng'ende. Kulikuwa na vidudu vyembamba vyenye mikia mitatu, vikikimbia huku na huku.

"Hawa wenye mikia mitatu hawavumilii maji machafu," Edina alisema. "Ukiwaona, maji ni mazuri. Sasa twende chini ya mashine yako."

Walishuka. Sadiki aliweka wavu tena. Edina alisugua mawe tena. Safari hii mawe yalikuwa na utelezi wa kijivu. Maji yalinuka uchachu. Walimimina kwenye beseni. Hakukuwa na kaa wala kereng'ende. Kulikuwa na minyoo myembamba myekundu tu.

"Rudieni," Kilian alisema. "Hamkusugua vizuri."

"Chukua wavu mwenyewe, mzee."

Kilian alikunja suruali, akaingia majini. Alisugua mawe kwa nguvu zote. Akamimina. Minyoo myekundu tu.

Aliangalia juu, akaiona mashine yake. Aliangalia chini, mto ulikokwenda.

"Hii ni sumu ya kahawa yangu?" aliuliza taratibu.

"Kahawa si sumu, mzee," Edina alisema. "Ganda la kahawa lina sukari. Umewahi kulinyonya?"

"Tangu utoto."

"Sukari hiyo ikiingia majini inaoza. Kinachooza kinamaliza hewa iliyo ndani ya maji. Samaki naye anapumua. Hewa ikiisha anapanda juu kufungua mdomo. Ikiisha kabisa, anakufa. Mwezi wa saba maji ni kidogo na kahawa ni nyingi, kwa hiyo madhara ni makubwa."

Luisa alishika mdomo. "Anafungua mdomo," alirudia. "Mama yangu amewaona hivyo hivyo."

Kilian alikaa juu ya jiwe. Yule mtu aliyeapa kumkamata alikuwa yeye mwenyewe.

"Nina magunia matano yamechumwa leo," alisema. "Matunda yaliyochumwa leo yanamenywa leo. Yakilala yanachacha, kahawa inaharibika. Nikimenya, samaki wa mama mkwe wanakwisha. Nisipomenya, jasho la mwaka mzima linapotea. Nifanye nini?"

"Menya," Sadiki alisema. "Lakini si hapa. Una majembe mangapi?"

Walibeba mashine wanne, wakapumzika mara kwa mara, mpaka karibu na nyumba. Edina alieleza kwamba sheria inakataza shughuli kama hizo ndani ya mita sitini kutoka mtoni. Kilian aliuliza mita sitini ni wapi. Sadiki alihesabu kwa hatua ndefu, na nyumba ilikuwa mbali zaidi ya hapo.

Kisha walichimba shimo chini kidogo ya mashine, mbali na mto na mbali na kisima. Kilian alichimba. Sadiki alichimba. Watu wa ziwani wanajua kuchimba pia, hilo Kilian alikiri. Edina aliwaonyesha mfereji mdogo wa kuongoza maji machafu mpaka shimoni.

"Maji yatazama taratibu ardhini," alisema. "Udongo utayachuja. Nyunyizia chokaa kupunguza uchachu. Shimo likijaa, chimba jingine."

"Na maji ya kumenyea?" Luisa aliuliza. "Mtoni tulikuwa tumesimama ndani ya maji. Huku juu atabeba nani?"

Wote walimtazama Kilian.

"Mbona mnaniangalia?" alisema. "Haya, nitabeba mimi."

"Hutabeba mengi, mzee," Sadiki alimtuliza. "Maji ya kumenyea yanatumika tena na tena siku hiyo hiyo. Yakinge kwenye pipa, uyarudishe juu. Maji safi kabisa yaweke ya kuoshea mwisho, baada ya kuvundika mbegu ili utelezi wake utoke."

"Na maganda?"

"Hayo ni mali. Yalundike, changanya na samadi ya ng'ombe, funika kwa majani na udongo. Geuza mara kwa mara mpaka yageuke meusi na yasinuke. Kisha rudisha kwenye mibuni."

Kilian alikuna kichwa. "Yaani miaka yote hii nimekuwa nikipeleka mbolea yangu ziwani?"

"Na hatukukushukuru," Sadiki alisema.

Jua lilipokaribia milima, gunia la mwisho lilikuwa limemenywa. Hakuna ganda lililoingia mtoni.

Jumapili baada ya misa Kilian alikwenda kwa mama mkwe wake. Hakumtuma Luisa. Alisimama uani, kofia mkononi.

"Mama, samaki wako niliwaua mimi. Ni maji ya kahawa yangu. Nimekosa."

Bibi Tadea aliendelea kupeta pumba. "Umehamisha mashine?"

"Nimehamisha, mama."

"Basi kaa unywe togwa."

Samaki waliobaki hawakufa. Baada ya siku chache waliacha kupanda juu kufungua midomo. Kilian aliwaeleza majirani. Raimundi alikuwa wa kwanza kuja kuangalia shimo, kisha naye akachimba lake. Mwaka uliofuata mibuni iliyopata mbolea ya maganda ilikuwa ya kijani kibichi. Bwawa la Bibi Tadea likajaa perege tena.

Siku ya kuvua, Bibi aliwaita Edina na Sadiki. Sadiki alivua samaki kuliko wote, na hakuacha kulisema. Wakati wa kula, Kilian aliuliza jambo lililomkaa moyoni.

"Dada Edina, mito ni mingi Mbinga. Siku ile mlijuaje kuja Lungoli?"

Edina alimtazama Bibi Tadea. Bibi alitazama sahani yake.

"Bibi alikuja ofisini," Edina alisema.

"Nilinusa kahawa kwenye maji yangu," Bibi alisema. "Nikajua ni ya nani. Lakini mkwe wangu nitamwambiaje? Nikaenda kwa watu wa mto. Sikutaja jina."

"Alisema nini?" Kilian aliuliza.

Sadiki alijitahidi asicheke. "Alisema, pandeni mto mpaka mkutane na mtu atakayewafokea. Hapo ndipo."

Luisa alicheka mpaka akashika tumbo. Bibi Tadea alifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Kilian alitaka kukasirika, akashindwa. Naye akacheka, mbele ya mama mkwe wake, kwa mara ya kwanza.

Siku hizi msimu wa kahawa ukifika, Kilian hufuatana na watu wa mto kwenye vijito vingine. Yeye hubeba beseni. Mtu akitoka shambani akipiga kelele na kuuliza nani amewaruhusu, Kilian huliweka beseni chini, akamgeukia Edina.

"Hapa ndipo," humwambia.