Kamera Isiyo na Filimu

Asubuhi ile nilifagia ua mara tatu. Sikuweza kutulia. Mama yangu, Sitti, alikuwa anakohoa ndani tangu alfajiri, na gari la kwenda Yei lilikuwa linaondoka Koboko saa sita.

Kaka yangu Sule tulipotezana naye mwaka 1979, tulipokimbia vita hapa Uganda kwenda Sudan. Sasa ilikuwa 1998. Watu wanaotafuta ndugu waliopotea walimpata Sule mmoja huko Yei, Sudan. Lakini jina hilo lina watu wengi! Yeye mwenyewe alisema, "Nionyesheni uso wa mama yangu, ndipo niamini."

Natalina, mfanyakazi wa hao watafutaji, akaja na kamera ndogo.

"Fungua nyuma nione filimu," nikamwambia.

"Haina filimu."

Damu ikanichemka. Siku ya Idi, kijana mmoja pale Onduparaka alitupiga picha kwa kamera tupu, akatokomea na pesa zetu.

"Toka! Mama yangu iko mgonjwa, wewe unaleta mchezo!"

"Pole, dada Asiya. Hii ni kamera ya digitali. Ndani iko kidude bapa, kidogo kama ukucha. Kimejaa vidoa ambavyo jicho haliwezi kuona. Mwanga ukiingia, kila kidoa kinaugeuza kuwa umeme. Kamera inapima umeme huo na kuandika namba kwenye kadi hii. Namba zote pamoja ndizo picha."

"Na kuosha picha?"

"Hakuna kuosha. Ngoja uone."

Nilikuwa nimemkalisha Mama dirishani, mgongo kwenye jua, apate joto. Natalina akapiga, akanionyesha picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Dirisha jeupe, uso mweusi tii!

"Ala! Huyu anaweza kuwa mama wa mutu yeyote!"

"Mwanga wa nyuma umezidi. Geuza kiti, uso uelekee dirisha."

Tukageuza haraka. Safari hii niliona hata makunyanzi ya Mama. Filimu ingetuambia kosa letu baada ya wiki, gari limeshakwenda! Ilikuwa saa tano na nusu. Natalina akakimbilia ofisini kwao, kwenye mashine ya kuchapa picha, ili iwahi gari la Yei.

Siku tisa nilisubiri. Siku ya kumi, mwanamume mwenye mvi alisimama uani, picha mkononi, akilia kama mtoto.

"Mama! Mimi nilishakusomea hitima!"

Mama akajiinua kwenye kiti. Hakukohoa hata kidogo.

"Kumbe ulinizika bila kuniuliza?" akasema, akimshika mkono kwa nguvu. "Haya, kaa hapa. Asiya, lete chakula."