Viatu vya Mlangoni kwa Elinipendo

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, lango la hospitali ya Mawenzi lilijaa watu na vyakula. Elinipendo, aliyevaa gauni la kitenge cha kijani na sweta jeupe, aliiweka chupa yake ya mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, juu ya ukuta kando ya chupa za wengine ili afunge kamba ya kiatu. Alipoinuka aliichukua, akaingia wodini kwa jirani yake aliyejifungua.

Wakati wa kutoka, mwanamume mrefu mwenye shati la bluu lililonyooshwa vizuri alimsimamisha.

"Dada, samahani. Nadhani mama yangu amekunywa mtori wako."

Elinipendo akaitazama chupa mkononi. Ilikuwa nyekundu kama yake, lakini yake ilikuwa na ufa kwenye mfuniko.

"Basi jirani yangu amekunywa wako. Ndiyo maana alikuwa anaomba maji."

"Chumvi?"

"Chumvi, mangi. Nani alipika?"

"Mimi mwenyewe."

"Pole sana."

Mwanamume yule akacheka. "Mama alikuwa hamalizi chakula tangu alazwe. Leo kamaliza, akaniuliza nimejifunza lini kupika. Nikashindwa kusema uongo."

Jina lake Ronald, fundi kompyuta mwenye kibanda karibu na soko. Alikuwa ameiosha chupa ya watu kabla ya kuirudisha, na Elinipendo aliliona hilo.

Kuanzia siku hiyo simu zikaanza. Asubuhi: "Umeamkaje, mpishi?" Jioni: "Umekula nini, mpenzi?" Hilo neno la mwisho lilimponyoka Ronald siku moja, halafu likabaki.

Elinipendo aliishi peke yake Rau, kwenye nyumba ya kupanga yenye uwanja mdogo. Kazi yake ilikuwa kuhariri video za harusi. Kutwa aliwatazama watu asiowajua wakilishana keki na kulia machozi ya furaha, kisha alizima mashine, akala ndizi zake bila kusema neno na mtu. Kwa kuwa mwanamke wa peke yake huogopa wezi, alikuwa amenunua sokoni Kiboroloni viatu vikubwa vya kiume, akaviweka mlangoni. Kila jioni alivipaka udongo mbichi kidogo ili vionekane vimetoka shambani. Alikuwa amevizoea kiasi kwamba hakuviona tena.

Kompyuta yake ilikuwa imechoka. Ronald akaja na kadi mpya ya video na vibao vya kumbukumbu, zile ramu, avifunge. Alivua viatu vyake mlangoni, akaviweka kando ya vile vikubwa vyenye udongo. Akasimama hapo kidogo.

"Karibu ndani, mbona umeganda?"

"Nimeshakaribia."

Alifanya kazi bila utani. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, kwa hiyo bila kuijaribu mashine aliipachika kadi, akasukuma ramu mahali pake, akaviokota vipande vyote vya nailoni vilivyoanguka sakafuni. Chai ikapoa kwenye kikombe.

"Umeme ukirudi, washa," alisema. "Kwaheri, dada."

Dada. Elinipendo akabaki mlangoni akilisikiliza neno hilo.

Umeme uliporudi, akabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, taa ndogo ikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi. Akazima, akawasha. Kioo kile kile. Akampigia Ronald, simu ikaita mpaka ikakata. Kesho yake vilevile. Bibi harusi wa Himo alikuwa akisubiri video yake, lakini si hilo lililomnyima Elinipendo usingizi. Aliwaza: kaiharibu, kaona aibu, kakimbia. Au alinichoka, hakujua namna ya kusema. Wazo hili la pili ndilo lililouma. Nyumba ilikuwa kimya tangu zamani, ila sasa ukimya wenyewe ulikuwa na jina la mtu.

Mchana mmoja aliazima simu ya jirani yake, Magreth, yule aliyejifungua.

"Haloo, Ronald hapa."

"Kumbe ukiona namba ngeni unapokea."

Kwa mbali ng'ombe akalia.

"Niko Sanya Juu, huku mlimani," Ronald akasema taratibu. "Mama ameruhusiwa, nimemleta nyumbani."

"Anaendeleaje?"

"Anatembea mpaka kwenye migomba na kurudi."

"Namshukuru Mungu. Mashine yako haiwaki."

"Yangu?"

"Si wewe uliyeifungua? Feni zinazunguka, kioo cheusi."

Ronald akakohoa. Lile lilikuwa swali la kazi, na kwa kazi hakuweza kumkatalia mtu. "Chomoa waya wa umeme ukutani. Fungua ubavu wa mashine. Gusa bati kwanza, umeme wa mwilini utoke. Ramu zote mpya zitoe, rudisha moja ya zamani, sukuma mpaka isikike imebana."

"Imebana. Nichomeke?"

"Jaribu."

"Cheusi."

"Chomoa umeme, toa na kadi mpya. Waya wa kioo uchomeke pale pa zamani."

"Cheusi, Ronald. Nitaiharibu zaidi."

"Pumzika kidogo. Sina haraka." Akasubiri kweli, bila kuhema kwa kukereka. "Sasa chomoa umeme tena, utazame juu kushoto, karibu na feni ndogo. Kuna tundu la mraba. Lina waya?"

"Halina. Waya upo, unaning'inia nyuma."

Ronald akaguna. "Ni mimi. Niliuchomoa ili mkono upite, sikuurudisha. Sijawahi kufanya kosa la kitoto namna hiyo. Akili yangu haikuwa pale. Samahani."

Elinipendo akaurudisha waya. Kioo kikawaka, bibi harusi wa Himo akatokea akicheka.

"Imewaka."

"Nashukuru. Rudisha kadi na ramu vilevile. Skrubu za ubavu, mwenye viatu akirudi atakusaidia kukaza."

"Mwenye viatu gani?"

"Elinipendo, mimi si mtoto. Viko mlangoni, vina udongo wa siku hiyo hiyo."

Elinipendo akavigeukia viatu vya mlangoni. Angeweza kusema ni vya kaka yake. Kukiri ukweli kulikuwa kama kumfungulia mtu chumba ambacho hakijawahi kufagiliwa.

"Ni vyangu," akasema. "Vya kutishia wezi. Udongo napaka mwenyewe kila jioni. Hapa hajarudi mtu yeyote, Ronald. Miaka."

Ronald hakumcheka. "Kila jioni?"

"Hata ikinyesha."

"Na mimi nikavionea wivu." Sauti yake ikalegea. "Ningekuuliza. Nikaona bora nipande mlimani ninyamaze. Nisamehe, mpenzi. Jumapili nashuka."

"Njoo. Na kwa sasa usikate. Acha nikaze skrubu nikikusikia."

Akaiweka simu ya Magreth mezani, sauti ikiwa juu, akashika bisibisi. Kutoka Sanya Juu zilikuja sauti za ndoo, kuku na upepo kwenye migomba. Halafu sauti ya mwanamke mzee, dhaifu lakini yenye amri:

"Rona, ni nani huyo unayeongea naye muda wote huo?"

Mkono wa Elinipendo ukasimama.

"Ni mtu wangu, mama," Ronald akasema.

Skrubu ilikuwa imekwisha kukazwa, lakini Elinipendo aliendelea kuizungusha.