Liwa ya Koko Moina

Kila asubuhi nyumbani kwao Mutsamudu, Koko Moina alisaga liwa, ule mti unaonukia, juu ya jiwe la matumbawe, akajipaka usoni mpaka akang'aa manjano. Mjukuu wake Hadjira alikaa kando akimuuliza maswali. Jiwe hili limetoka wapi, Koko? Mbona halioshwi? Loo, mtoto huyo! Ukimjibu moja, anakuletea mengine mawili.

"Nikiliosha, harufu nzuri itaondoka," bibi yake alimjibu.

Anis, mdogo wake Hadjira, alipozaliwa, Koko alimpaka liwa hiyo hiyo kitovuni kila siku ili anukie vizuri. Siku chache baadaye mtoto akakataa ziwa. Mwili ukawaka moto, hata kilio kikafifia. Koko akamfuta kitovu haraka haraka, mama yake akambeba, wakakimbilia hospitali pamoja na Hadjira.

"Huenda ni malaria, huenda ni bakteria walioingia kwenye damu," alisema Daktari Abdoulkarim. "Ningepeleka damu yake maabara ya Moroni, kwenye kisiwa kingine, lakini tangu visiwa vyetu vigombane, meli hazivuki. Na sindano za kuua bakteria zimebaki chache mno. Mmempaka kitu chochote?"

"Hapana," Koko alijibu upesi.

Hadjira alishtuka. "Daktari, hao bakteria wanaingilia wapi?"

"Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kwa mtoto mchanga, hupenda kupitia kitovu kibichi."

Koko akamkata jicho mjukuu wake. Hadjira alimwogopa bibi yake kuliko radi, lakini alipomtazama Anis aliona midomo imemkauka.

"Koko alimpaka liwa kitovuni," akasema. "Na lile jiwe halioshwi."

Koko akajifunika uso kwa shiromani, nguo yake ya kujitanda. Daktari hakumgombeza. Aliinama, akanusa kitovu, kisha akaenda moja kwa moja kuchukua zile sindano chache za bakteria.

Anis alichomwa sindano siku kadhaa. Asubuhi moja akalishika ziwa, akanyonya kwa pupa, na mama yake akalia kwa furaha.

"Nilidhani nampamba, kumbe nilikuwa namuua," alisema Koko. "Kitovu kiachwe kisafi na kikavu, basi. Na wewe Hadjira, ukiujua ukweli useme, hata kama mimi ndiye ninayekukodolea macho."

Akanyoosha mikono yake ya manjano ampakate mtoto.

"Koko!" Hadjira akadakia. "Hiyo mikono imeoshwa?"

Koko akacheka, akaenda kutafuta sabuni.