Kitanda cha Njambi

Swalha hapendi kuulizwa habari hii. Alitusimulia mara moja tu, jikoni kwake Xiaobei, mtaa wa Waafrika jijini Guangzhou, maji yakichemka, na alipomaliza alisahau kutia majani ya chai. Tuliokuwepo tuliyanywa maji matupu.

Ilikuwa wiki ya mwaka mpya wa Kichina. Viwanda vya jinzi kule Xintang vilikuwa vimefungwa, bandari ya Nansha imepoa, na jengo la maduka la Tianxiu, ambamo siku nyingine mtu hupigania lifti, lilikuwa tupu kiasi cha kusikia viatu vyako mwenyewe ukipita. Swalha ni Mzanzibari, wakala wa mizigo, na huu ulikuwa mwaka wake wa tisa Guangzhou. Kila mwaka wiki hiyo ilimkaba. Jiji zima linakwenda kwao, naye anabaki.

Safari hii alikuwa na mpango. Yeye na Njambi, Mkenya wa Nyeri anayeishi naye chumba kimoja, walikubaliana kukodi gari-nyumba, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani, wazunguke kaskazini ya jiji kuelekea milima ya Conghua. Wakati wa baridi watu hawayataki magari hayo, kwa hiyo walilipata bila shida. Swalha ana leseni ya Kichina kwa sababu ya kuendesha gari lake dogo la mizigo. Njambi alikuwa ameshachagua kitanda chake: kile cha juu, kilicho juu ya kiti cha dereva, chenye kidirisha kidogo.

Jumanne ikaja simu kwamba mama yake Njambi amelazwa, hali si nzuri. Njambi aliondoka usiku ule ule na begi moja.

"Nenda tu, shoga," alimwambia Swalha kwenye mlango wa uwanja wa ndege. "Usikae kwa chumba ukihesabu tarehe za kalenda ukutani. Nenda, uniwekee kitanda changu."

Swalha akaenda.

Alifika Jumatano mchana kwenye kiwanja cha kuegesha magari hayo, kando ya bwawa, katikati ya mashamba ya matunda ya lichi. Kulikuwa na nafasi nane, kila moja na nguzo ya umeme na bomba. Zote zilikuwa tupu. Mlinzi, Mzee Liang, alimchomekea waya wa umeme akitetemeka kwa baridi.

"Wengine wako wapi?" Swalha alimuuliza kwa Kichina.

"Meiyou," alijibu mzee, akipunga mkono. Hakuna. Naye alikuwa anakwenda kijijini kwake kula sikukuu na wanawe. Angerudi Jumamosi.

Mzee alipoondoka na pikipiki yake, Swalha alisikiliza mlio wake mpaka ukaisha. Manyunyu yakaanza. Baridi ya kusini mwa Uchina si kali ya kuua, lakini ina maji ndani yake. Inapenya nguo, inalala nawe. Alivaa kofia ya sufu juu ya mtandio, akapika wali, akala akiwa amesimama. Halafu akakaa kitandani kwake, kile cha nyuma, akatazama bwawa lisilo na mashua wala ndege.

Alimkumbuka mama yake. Alifariki Unguja mwaka ule mipaka ilipofungwa. Swalha alishuhudia jeneza likitoka mlangoni kupitia simu iliyoshikwa na mpwa wake, na mtandao ukakatika kabla halijafika barabarani. Tangu siku hiyo hakuwahi kumwita mtu yeyote mama.

Alhamisi aliamka na ukungu. Nguzo ya umeme iliyo hatua tatu kutoka dirishani haikuonekana. Alikuwa anasali dhuha, sala ya asubuhi, gari lilipoinama.

Aliyewahi kulala kwenye gari la namna hiyo anajua. Mtu akikanyaga ngazi ya mlangoni, gari zima huinama kidogo upande huo, kisha hurudi. Lilifanya hivyo hasa. Liliinama, likarudi. Swalha alitoa salamu kulia na kushoto, akasubiri mtu abishe hodi.

Hakuna aliyebisha.

Alifungua mlango. Ukungu mtupu. Ngazi ya chuma ilikuwa na umande, haijakanyagwa. Akafunga, akageuka, na gari likatikisika tena, safari hii mbele, kama mtu mzito anayepanda taratibu, akipumzika kila hatua. Kisha kitanda cha juu kikalia.

Alisoma Ayatul Kursi. Aliisoma mara tatu, kwa sauti. Hakuna kilichokimbia. Hakuna kilichobadilika.

Akasogea mbele, akanyoosha mkono, akaugusa mtandiko wa kitanda cha Njambi. Gari zima lilikuwa na baridi ya barafu. Pale palikuwa na joto. Joto la mahali alipotoka mtu sasa hivi. Au la mahali ambapo mtu bado yupo.

Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

Ndipo sauti ikatoka kule juu, chovu, ya mwanamke mtu mzima. Neno moja.

"Njambi?"

Haikuwa sauti ya kutisha, na hilo ndilo Swalha alilolirudia alipokuwa akitusimulia. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesafiri mbali sana, aliyefika mlango asioujua, anayeuliza kwa wasiwasi kama ndio wenyewe.

"Njambi?"

Angeweza kunyamaza. Angeweza kukimbia. Funguo zilikuwa mezani. Lakini tangu jana mchana hajazungumza na mtu, na mwaka wa tano hajaitwa na mama. Kitu ndani yake kikalegea. Mdomo ukafunguka kabla yeye hajaamua.

"Ndiyo, mama," alisema Swalha.

Pumzi ndefu ilishushwa kule juu. Kitanda kikalia. Hatua zikaja, polepole, moja, nyingine. Hakuona mtu. Aliona godoro lake likibonyea pembeni, kama mtu anapoketi. Harufu ya moshi wa kuni ikajaa garini, na ya maziwa yaliyochemka.

Alilala ubavu, uso ukutani, magoti tumboni. Vidole vikagusa kichwa chake, juu ya kofia. Vikaanza kutembea, kwa mpango, kutoka kwenye paji la uso kurudi nyuma. Sauti ikawa inanong'ona kwa lugha ambayo Swalha haijui, lakini aliizoea: ile Njambi anayozungumza na kwao simuni. Alijua kwamba haya si ya kwake. Alijua, na akafumba macho. Akalala usingizi ambao hakuwahi kuupata Guangzhou.

Simu ndiyo iliyomwamsha. Ilikuwa inakaribia saa kumi alasiri, na ukungu ulikuwa pale pale. Vidole vilikuwa bado vinatembea.

"Swalha." Ilikuwa Njambi. Alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha. "Sikumpata."

"Nini?"

"Mamangu. Aliaga jana alfajiri, mimi nikiwa hewani. Walinificha mpaka nikafika."

Swalha hakusogea. Vidole vilipita nyuma ya sikio lake la kushoto.

"Niko hapa nje ya mochari," Njambi aliendelea, akishusha sauti kama anayeogopa kusikiwa. "Kuna kitu sikielewi. Macho yake hayafungi. Wanayafunga, yanafunguka. Tangu jana. Mjomba anasema anatafuta mtu."

"Njambi..."

"Alikuwa akiniulizia, Swalha. Mpaka mwisho. Na hakuna aliyemwambia kuwa niko njiani, waliogopa ndege ikichelewa atakufa akingoja. Wakamwambia niko China. Nilikuwa nimemtumia picha ya kile kitanda cha juu, nikamwambia ndiko nitakuwa nikilala. Akaomba aonyeshwe tena ile picha. Akasema, basi nitamfuata huko huko." Akavuta kamasi. "Uko wapi? Mbona unanong'ona?"

"Niko garini."

"Na nani?"

Vidole vilisimama.

Swalha alitazama ukuta ulio mbele ya pua yake. Matone ya unyevu yalikuwa yanashuka. Angemwambia nini? Kwamba mama yako amekuja, na mimi nimemchukua?

"Nakupigia sasa hivi," alisema, akakata.

Vidole vikaanza tena, taratibu, kwa upendo. Swalha alituambia kwamba hapo ndipo alipoogopa kikweli. Hakumwogopa aliyeketi nyuma yake. Alijiogopa mwenyewe, kwa namna alivyotaka kunyamaza. Siku moja tu, alijiambia. Mpaka kesho. Nani atajua?

Akaona macho yale yakifungwa na mikono ya watu, na kufunguka.

"Mama," alisema. "Mie si Njambi."

Vidole vikapunguza mwendo.

"Njambi hayuko hapa. Amekufuata wewe. Amesimama mlangoni kwako sasa hivi, analia. Mie nilikudanganya. Sina mama, ndiyo maana. Nisamehe. Nenda kwa mwanao."

Mkono ulitoka kichwani. Uzito ulibaki pale pale kitandani. Swalha alihesabu pumzi zake, akafika kumi na moja. Alihisi uso ukiinama juu ya uso wake, karibu, karibu zaidi. Ukimtazama. Ukihakikisha.

Hakugeuka.

Godoro likainuka.

Mlango aliokuwa ameufunga kwa komeo ukafunguka. Ukungu ukaingia. Gari likainama upande wa ngazi, likarudi. Kisha nje, mtu akaanza kulizunguka gari. Aligonga dirisha la kwanza. "Njambi?" Akagonga la pili. "Njambi?" Sauti sasa ilikuwa imeharibika, kali, ya mtu anayechelewa. La tatu. La nne. Kioo cha mbele kiligongwa mpaka kikatetemeka. Swalha alikuwa sakafuni, mikono masikioni, akisema yuko kwenu, yuko kwenu, yuko kwenu.

Sauti ikaondoka kuelekea bwawani. Haikuzunguka kingo. Ilinyoosha moja kwa moja juu ya maji, ikiita, ikipungua, mpaka ikaisha.

Alipoweza kusimama alikaa kwenye usukani, akawasha, akaondoka. Waya wa umeme ulikatika nyuma yake na hakusimama kuutazama. Aliendesha bila redio, taa zikiwaka, hadi alipoona majengo.

Njia nzima simu ilikuwa inaita. Aliipokea alipofika chumbani kwake, ameketi juu ya kitanda na viatu miguuni. Njambi alipiga ya video. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini uso ulikuwa umetulia.

"Yamefunga," alisema. "Tulipomaliza kuongea tu. Niliingia, nikamshika mkono, nikasema mama ni mimi. Akafunga mwenyewe, Swalha. Hakuna aliyemgusa."

Swalha alitikisa kichwa. Hapo ndipo, akiwa hajui mikono yake inafanya nini, alipoivua kofia, akachomoa pini ya mtandio aliyoichomeka mwenyewe asubuhi, akauvuta.

Njambi akasogeza uso karibu na simu.

"Nani amekusuka?" aliuliza.

Swalha alipeleka mkono kichwani. Nywele alizozibana kwa kibanio kimoja siku mbili zilizopita zilikuwa zimesukwa mistari myembamba, ya kubana, iliyonyooka. Ncha ya kila mstari alioushika ilikuwa imefungwa fundo dogo kwa uzi mweusi. Hakuwa na uzi mweusi garini.

"Geuka," Njambi alinong'ona. "Geuka nikuone nyuma."

Swalha aligeuka, akaisogeza simu kisogoni.

"Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akinisuka mimi, shule zikifunguliwa," alisema Njambi. Kisha sauti ikashuka zaidi. "Swalha, huu wa nyuma ya sikio la kushoto... huu hajaumaliza."